Tundu la Pumzi

Mara ya kwanza ilizima Gombe hatujaifikia,
abiria kumi na tisa, magunia ya mihogo, mbuzi mmoja wa mahari.
Haikuzima ghafla. Ilianza kukohoa,
ikapunguza sauti kama mtu anayekumbushwa deni,
kisha kimya, na ndani ya kimya hicho
maji yakilamba mbao, na mbuzi akilia.

Nikafungua mfuniko wa tangi nione kama mafuta yamo.
Yamo. Nikafunga, nikapiga stata, ikawaka.
Nikasema basi, yamekwisha.

Mara ya pili palepale. Mara ya tatu palepale,
dakika arobaini toka Kibirizi,
mkabala wa jabali lililopakwa nyeupe na ndege.
Abiria wakasema jabali lina mwenyewe.
Mmoja akatupa shilingi mia mbili majini.
Mimi sikutupa kitu.
Mimi nilikuwa na mtu wangu wa kumlaumu.

Nilimfuata Nyandwi mwaloni, anapouza dizeli kwa madumu,
mbele ya wachuuzi wa dagaa, siku ya gulio:
dumu lako hili juzi lilikuwa la mawese,
alfajiri yanaganda, yanaziba chujio langu.
Na maji unatia, nikasema.
Hakunijibu. Alifuta mikono,
akafunua daftari, akatafuta ukurasa wangu,
akaandika chini ya jumla:
huyu asipewe tena.

Fundi Asukulu alikuja na bisibisi moja ndefu.
Ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho.
"Kelele ziko mbili.
Ya mbele ni bolti ya kitako, imelegea, injini inacheza kitandani.
Ya nyuma siijui bado."
Akakaza. Ngo-ngo-ngo ikabaki ngo.
Akafungua chujio, akamimina kwenye chupa tupu,
akaiinua juani: dizeli safi,
manjano kama mkojo wa mtu mwenye afya,
hakuna tone la maji chini, hakuna utando.
Nilitamani liwepo. Mungu anisamehe,
nilitamani hata tone moja.

"Twende nayo hadi izime," akasema.
Tukaenda. Dakika arobaini. Ikakohoa.
Asukulu hakugusa pampu, hakugusa nozeli.
Alizungusha mfuniko wa tangi, polepole,
na tangi likavuta pumzi,
fyuuuuu,
ndefu, ya mtoto aliyezama akaibuka.

Kile kijibomba cha hewa
kinachotoka tangini kwenda kuchungulia nje ubavuni,
chembamba kuliko kidole changu,
nyigu alikuwa amejenga humo. Udongo mkavu, vyumba vitatu,
na katika kimoja buibui amelazwa,
posho ya mtoto ambaye bado.
Injini inavuta, inavuta, tangi halipati cha kujaza pengo,
linakaza mbavu
mpaka mafuta yanagoma kutoka.

Kila nilipofungua kutazama kama nimepunjwa
ndipo nilipoiponya, nisijue.

Nimezibua kwa waya wa baiskeli.
Ile kelele ya nyuma ingalipo.
Huenda beringi ya shafti, anasema Asukulu,
huenda propela ilibusu jiwe, huenda si kitu.
Usiku naisikia nikiwa kitandani, boti imefungwa.

Gulio lililofuata nilikwenda na kipande cha udongo mfukoni.
Maneno niliyoyapanga njiani yalikuwa mengi;
nilipofika yalibaki mawili, "haikuwa mafuta",
na sauti haikuwa ile ya siku ile,
kwa hiyo waliosikia walikuwa wachache.
Nyandwi alikipokea kile kiota, akakigeuza,
akachungulia chumba kimoja kimoja.
Daftari halikufunguliwa.
"Na yule mbuzi," akauliza, "alifika?"

Alifika, nikasema.